UZI: Je, msemaji wa hadhara ni lazima awe mtu mwema?

Mzee wa Mimbari (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili hurudi kila baada ya hotuba kubwa. Mtu anapanda jukwaani, anasema maneno yaliyonyooka, ukumbi unaguswa, na kabla hajarudi kitini kuna anayenong'ona: "Huyu naye wa kutuambia hayo?" Wanaomtetea husema mganga hajigangi, cha msingi dawa ifanye kazi. Wanaompinga huuliza: kama dawa ni nzuri, mbona mwenyewe hainywi?

Naomba tulijadili kama watu wa fani: waandishi wa hotuba, walimu wa midahalo, makhatibu, wahubiri, mawakili. Majina ya wanasiasa walioko madarakani tuyaweke kando, maana uzi utageuka uwanja wa vyama.

Mabishano haya yana asili yake Roma. Cato Mzee, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alimfafanulia mwanawe kwamba msemaji ni "mtu mwema aliye stadi wa kunena". Zaidi ya miaka 200 baadaye Quintilian, mzaliwa wa Hispania aliyefundisha ufasaha Roma kwa miaka 20 na kulipwa na hazina ya dola, akaichukua kauli hiyo na kuikaza. Katika kitabu cha 12, cha mwisho katika kazi yake ya kumlea msemaji tangu utotoni, haishii kusema msemaji anapaswa kuwa mwema. Anasema asiye mwema hawezi kuwa msemaji kabisa. Sababu zake mbili naona bado zina uzito. Kwanza, ufasaha unataka akili yote, na akili iliyojaa tamaa na hofu ya kuumbuka haina nafasi ya kusoma na kujiandaa. Pili, unafiki hujifichua hata ukifunikwa vipi: ulimi wa anayesema asichokiamini husita pale pale panapotaka msisitizo.

Msimamo wangu: Quintilian alikwenda mbali mno, na wanaosema "sikiliza ujumbe, achana na mjumbe" nao wamerahisisha mno. Wema wa msemaji unahitajika kwa kadiri ya kile ambacho msikilizaji hawezi kukikagua mwenyewe. Anayekwambia zege lichanganywe saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, unaweza kumuuliza fundi mwingine hata kama aliyekwambia ni mlevi. Anayekwambia "nilikuwepo, niliona", huna mizani nyingine ya kumpimia ila yeye mwenyewe.

Karibuni.

Jabali

Mkuu, Quintilian hakutoa hoja, alibadilisha maana ya neno. Ukimletea msemaji hodari aliye mwovu atakujibu "huyo si msemaji". Kwa namna hiyo hashindwi kamwe, na kwa sababu hiyo hiyo hajathibitisha kitu.

Mfano ulikuwepo hata zama zake. Wakili Regulus alitajirika kwa kuwashtaki watu mbele ya watawala wa Roma. Pliny Mdogo, mwandishi na wakili mwenzake, anamweleza kuwa na sauti dhaifu, kumbukumbu mbovu na ubunifu wa polepole, lakini kwa kukosa haya tu alifika mahali pa kuhesabiwa msemaji. Herennius Senecio akaipindua kauli ya Cato kwa ajili yake: msemaji ni mtu mwovu asiyejua kunena. Wenzake walimwona ni mwovu, na bado alishinda.

Na hatuhitaji kwenda Roma. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera, msomi wa lugha na mwanasiasa, alihutubia mkutano wa chama huko Kabaya, Rwanda, akichochea Watutsi wauawe, kwa ustadi mkubwa wa Kinyarwanda: mafumbo, historia, dini, vicheko vya hadhira. Ilichukua hadi Januari 2012 kwa Kanada, alikokimbilia, kumrudisha, na Aprili 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Redio RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa profesa wa historia. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani Desemba 2003. Mwimbaji Simon Bikindi alipewa miaka 15 mwaka 2008, na kilichomfunga hakikuwa nyimbo zake. Ni maneno ya kuchochea mauaji ya Watutsi aliyotoa barabarani kwa kipaza sauti cha gari mwaka 1994.

Hawa walikuwa stadi. Tukisema "hawakuwa wasemaji wa kweli" tunajifariji, na tunawafundisha vijana kwamba ufasaha una mlinzi ndani yake. Hauna.

Bint Seif

Assalaam alaykum. Kanuni ya Mzee wa Mimbari wanazuoni wa hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume, waliifanyia kazi kwa karne nyingi, na kwa undani kuliko Warumi.

Mpokezi wa hadithi hupimwa kwa vitu viwili vilivyo mbalimbali: uadilifu, yaani dini na mwenendo wake, na udhibiti, yaani usahihi wa kuhifadhi na kufikisha. Kimoja hakijazi pengo la kingine. Mcha Mungu mwenye hifadhi mbovu, anachosimulia kinadhoofishwa na wala hakuna anayemwonea haya. Mwenye hifadhi kali aliyethibitika kusema uongo anatupwa. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, katika Taqrib al-Tahdhib aliwapanga wapokezi katika daraja 12. Nasisitiza 12, kwa sababu sisi huku tuna daraja mbili tu, "mtu safi" na "mnafiki", na kwa daraja mbili huwezi kufanya kazi.

Kuna jambo la tatu ambalo wasemaji wa leo wangelichukua. Mtu mwenye itikadi iliyopotoka lakini mkweli wa ulimi, wanazuoni wengi walipokea kwake, isipokuwa pale anaposimulia kitu kinachoitia nguvu itikadi yake. Bukhari mwenyewe, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, amepokea kwa Imran bin Hittan, aliyekuwa wa Khawarij, kundi lililoasi zama za mwanzo za Uislamu. Wahenga wetu wangesema mwamba ngoma huivutia kwake: ngozi ikivutwa upande wake, hapo ndipo unaposhuku. Ikivutwa upande mwingine, huna sababu ya kushuku.

Na kisa mashuhuri zaidi: Abu Huraira, akilinda zaka ya Ramadhani, alimkamata mwizi usiku mara tatu, na mara ya tatu mwizi akamfundisha kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa akasema amekuambia kweli, naye ni mwongo, kisha akamjulisha kuwa yule alikuwa shetani. Angalieni utaratibu wake. Maneno hayakukataliwa kwa ubaya wa msemaji, wala hayakupokelewa kwa uzuri wa maneno. Yalipelekwa kwa mwenye kuyahakiki, ndipo yakapita.

Kwa khutba ya Ijumaa, huku Pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi nguzo ni tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia taqwa (uchaji Mungu), kusoma aya katika mojawapo ya khutba mbili, na kuwaombea waumini dua katika ya pili. Wema wa siri wa khatibu haumo. Kuswali nyuma ya fasiki, yaani mtenda maovu, inachukiza lakini swala inasihi. Sheria haikuwafunga waumini kwenye kitu wasichoweza kukiona. Lakini suratu Saff, aya ya 2 na ya 3, inamkemea anayesema asiyoyatenda. Ni hukumu mbili zenye wahusika wawili: msikilizaji swala yake imetimia, msemaji dhima yake imebaki shingoni.

Tumaini_wa_Ziwa

Shukrani dada. Hilo la ngozi ya ngoma limenifungua macho. Naendelea kusoma.

Karani wa Hotuba

Kanuni ya Mzee wa Mimbari inafanyiwa kazi mezani namna hii.

Chapa rasimu. Hotuba ya dakika 10 ni kurasa nne hivi za A4 ukiacha nafasi mbili kati ya mistari. Shika kalamu tatu. Kijani kwa sentensi ambazo msikilizaji anaweza kuzihakiki bila wewe: kifungu cha sheria, tarehe, bei, hesabu, aya. Bluu kwa sentensi zinazosimama juu ya neno lako tu: niliona, niliambiwa, nilipokuwa mdogo, familia yetu. Nyekundu kwa sentensi zinazomtaka msikilizaji atoe kitu: pesa, kura, muda, uvumilivu, kufunga mkanda.

Kijani hata mwenye madoa anaweza kuisoma na hakuna kitakachoanguka. Bluu inataka ukweli wa mtu. Nyekundu inataka zaidi ya ukweli, inataka msemaji awe ameshatoa anachoomba, au aseme wazi kwamba hajatoa. Ukimaliza kupaka, angalia rangi ipi imetawala. Mzungumzaji mwenye sifa yenye utata apewe hotuba ya kijani. Wengi hufanya kinyume: wanajua mtu wao ana doa, basi wanamjazia simulizi za utoto na machozi "ili watu wampende". Hapo wamemsimamisha juu ya mguu uliovunjika.

Kosa linalojificha kuliko yote ni bluu iliyovaa nguo za kijani. "Utafiti unaonyesha." "Wataalamu wanasema." Ukishindwa kutaja nani na lini, hiyo ni bluu, ipake bluu au ifute. Ukiiacha, msemaji anatumia uaminifu wake binafsi kudhamini kitu asichokijua, na kikianguka anaanguka nacho.

Lingine ni bluu ya kuazima. Agosti 1987, kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Marekani huko Iowa, Joe Biden alitumia maneno ya mwanasiasa wa Uingereza Neil Kinnock, ya kuwa wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu na ya mababu wachimba makaa ya mawe. Siku nyingine alikuwa akimtaja Kinnock. Siku hiyo hakumtaja. Mwezi uliofuata akajitoa kwenye mbio. Angeazima takwimu ya bajeti bila kutaja jina ingekuwa aibu ndogo. Aliazima maisha ya mtu, na maisha ndiyo kitu pekee ambacho msikilizaji amekubali kukipokea bila risiti.

Kinga yake ni rahisi: jina la mwenye maneno liingie ndani ya sentensi yenyewe, lisikae kwenye sentensi yake ya pekee. "Kama alivyouliza Kinnock, kwa nini mimi ni wa kwanza..." Ukilitenga, ndilo la kwanza kukatwa mshereheshaji akionyesha kwamba zimebaki dakika mbili.

Jabali

Karani, kalamu zako nimezipenda, ila nakuletea kesi ngumu. Mwaka 1991 kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilikuta kwamba Martin Luther King, mtetezi wa haki za Weusi Marekani, alinakili sehemu za tasnifu yake ya mwaka 1955 bila kutaja wenyewe. Mtu aliyesimama Washington tarehe 28 Agosti 1963 kutoa hotuba ya "Nina ndoto" alikuwa tayari na doa hilo. Hotuba ile imeanguka?

Karani wa Hotuba

Haikuanguka, na kamati yenyewe inakuonyesha kwa nini. Hawakumvua shahada. Walipendekeza barua ya maelezo iambatishwe kwenye nakala ya tasnifu maktabani. Doa likabandikwa pale linapohusika: kazi ya kitaaluma ni nadhiri ya kutaja vyanzo, na hapo ndipo alipoivunja.

Sasa ipake rangi hotuba ya 1963. Tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa, la mwaka 1863, miaka 100 kabla: kijani. Ahadi za Katiba na Azimio la Uhuru, zilizofananishwa na hundi iliyorudi bila malipo: kijani, maandishi yapo, kila mtu anayajua. Kuwataka watu wadai haki bila kumwaga damu, wakubali jela na mateso: nyekundu, na kwenye nyekundu alikuwa amelipa. Miezi minne kabla alikuwa mahabusu Birmingham. Doa lake halikugusa rangi yoyote iliyobeba hotuba ile.

Tafakuri

Wakuu, upande wa majaribio ya saikolojia kuna mambo yanayoiunga mkono mada hii na mengine yanayoitia hofu.

La kutia hofu kwanza. Mwaka 1951 Hovland na Weiss, wa Chuo Kikuu cha Yale, waliwapa wanafunzi makala zile zile, wengine wakiambiwa zimetoka chanzo kinachoaminika na wengine kisichoaminika. Moja ilihusu uwezekano wa kujenga nyambizi ya nyuklia: kundi moja liliambiwa mwandishi ni mwanafizikia Oppenheimer, jingine likaambiwa ni Pravda, gazeti la Urusi ya Kisovieti. Papo hapo chanzo kilileta tofauti kubwa. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa imeyeyuka. Watu walibaki na maneno na kuachana na jina. Mwaka 1953 Kelman na Hovland wakaonyesha kwamba ukimkumbusha msikilizaji nani alisema, tofauti inarudi.

Maana yake kwa kazi: ukijibu hotuba ya mwongo kwa kusema "huyu ni mwongo" tu, umeshinda kwa siku chache. Uongo wake utabaki masikioni baada ya sifa yake mbaya kusahaulika. Lazima uvunje sentensi yenyewe, moja baada ya nyingine, na uweke ukweli wake mahali pake. Wanaojibu wahubiri wa chuki kwa kutaja historia zao za uhalifu hufanya kosa hili kila siku.

Jaribio la pili ni la mwaka 1966, la Walster, Aronson na Abrahams. Walimtumia mhalifu aliyefungwa kama msemaji. Alipotetea kwamba mahakama zipewe nguvu kidogo, hakumshawishi mtu. Alipotetea zipewe nguvu zaidi, dhidi ya maslahi yake mwenyewe, alishawishi sana. Ni ngozi ya ngoma ya Bint Seif, imepimwa maabara.

La tatu, mwaka 2017 Jordan, Sommers, Bloom na Rand walichunguza kwa nini watu wanawachukia wanafiki. Kinachochoma si kwamba mtu ametenda kosa analolikemea. Kinachochoma ni kwamba kwa kulikemea amejitangaza kuwa yeye halitendi. Aliyekiri "nami wakati mwingine nalifanya" hakuhukumiwa kama mnafiki.

Anayetaka kipimo cha kutumia ukumbini, McCroskey na Teven mwaka 1999 walitengeneza dodoso la jozi 18 za maneno, kila moja alama 1 hadi 7: jozi 6 za umahiri, 6 za uaminifu, 6 za nia njema kwa hadhira. Jumlisha kila fungu peke yake, utapata kati ya 6 na 42. Ukichanganya mafungu umeharibu kipimo, kwa sababu msemaji wa 40 kwenye umahiri na 12 kwenye nia njema ndiye wa kumwogopa, na jumla itamficha. Mafungu haya ni yale yale matatu ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki: busara, wema, na kuwatakia heri wanaokusikiliza. Na Aristotle alitaka yajengwe ndani ya hotuba yenyewe, si kwa sifa aliyoingia nayo mtu mlangoni.

Mtumishi K

Bwana asifiwe. Kanisa lilipigana vita hii Afrika Kaskazini. Wadonati, kundi la Wakristo wa huko, walishikilia kwamba padri au askofu aliyesaliti imani wakati wa mateso huduma zake ni batili. Kwenye mkutano wa Karthago mwaka 411, askofu Augustino akiwa upande wa pili, msimamo wao ulishindwa: sakramenti haitegemei usafi wa mikono inayoitoa.

Lakini msiishie hapo, kwa maana Augustino huyo huyo, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kubatizwa, katika kitabu cha 4 cha kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo anasema maisha ya mhubiri yana uzito kuliko ukuu wowote wa ufasaha. Anaijua Mathayo 23:3, "maana wao hunena lakini hawatendi", na anakubali kwamba wahubiri wa namna hiyo huwafaa wengi. Ila anaongeza: wangewafaa wengi zaidi sana kama wangetenda. Anatoa na ruhusa ambayo wengi hawaijui: mwenye sauti nzuri asiyeweza kutunga, aruhusiwe kushika mahubiri ya mwingine kwa moyo na kuyahubiri, mradi hadanganyi.

Paulo, kwenye 1 Timotheo 3:7, anadai askofu ashuhudiwe mema na watu walio nje. Kwa utendaji, hili ndilo linalorukwa. Kamati humuuliza mchungaji wake, kwaya yake, mkewe. Hawamuulizi mwenye duka anayemdai.

Mwanamdahalo

Naona tumesahau vijana wetu wa midahalo, ambao tunawafundisha kutetea upande wowote. Je, tunafundisha uovu?

Mwaka 155 kabla ya Kristo mwanafalsafa Carneades alikuja Roma katika ujumbe wa Athene. Siku ya kwanza alihutubia kuitetea haki, siku ya pili akazivunja hoja zake mwenyewe. Vijana walipagawa. Cato, yule yule wa "mtu mwema", alilitaka Baraza la Seneti limalize shughuli za ujumbe huo upesi, wageni waende kwao.

Mimi sikubaliani na Cato. Katika mdahalo wa mtindo wa bunge la Uingereza pande hupangwa kwa kura, maandalizi ni dakika 15, kila hotuba dakika 7, na maswali ya papo huruhusiwa baada ya dakika ya kwanza hadi mwisho wa dakika ya sita. Kila aliyemo ukumbini anajua msemaji amepangiwa upande. Hakuna aliyedanganywa kuhusu imani yake.

Uovu unaingilia mlango mwingine: takwimu za kubuni. Jaji hana intaneti mkononi, dakika 7 zinakimbia, mwanafunzi anatupa "asilimia 73" na inapita. Dawa yake ni kanuni ya kutoa alama, si mahubiri: waelekezeni majaji kwamba namba isiyo na chanzo haihesabiwi kabisa, na kwamba maelezo ya kwa nini jambo hutokea yana alama zaidi ya namba. Mwaka mmoja wa kanuni hiyo unasafisha zaidi ya semina kumi za maadili. Na baada ya mashindano, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wa anachokiamini yeye. Asipofanya hivyo, uhodari wa pande zote mbili humzoesha kutokuwa na upande.

Wakili wa Pwani

Naongeza mawili kutoka mahakamani.

La kwanza, sheria inatenganisha wakili na shahidi. Shahidi anaweza kushambuliwa uaminifu wake, kwa kuwa ushahidi wake ni yeye. Wakili hashambuliwi namna hiyo, kwa kuwa hoja yake inasimama juu ya ushahidi wa wengine. Ndiyo maana wakili husema "nawasilisha" wala hasemi "naamini mteja wangu hana hatia". Akisema "naamini", ameingiza tabia yake kizimbani bila kula kiapo. Wasemaji wa majukwaani wajiulize: katika sentensi hii mimi ni wakili au shahidi? Cicero, wakili wa Roma, alijisifu kwamba katika kesi ya Cluentius, mwaka 66 kabla ya Kristo, aliwatia mahakimu giza machoni. Aliyetuhifadhia majigambo hayo ni Quintilian yule yule aliyedai msemaji lazima awe mwema, na Cicero ndiye kielelezo chake kikuu cha msemaji.

La pili ni la thamani zaidi. Kwenye kesi ya jinai, kwa kawaida sifa mbaya za mshtakiwa haziruhusiwi kutajwa. Lakini akileta yeye ushahidi wa sifa zake njema, amefungua mlango, na upande wa mashtaka unaingia na mabaya yote. Jukwaani ni vivyo hivyo. Msemaji anayeanza kwa dakika tatu za "mimi ni mtu wa watu, sijawahi kula rushwa" ameifanya tabia yake kuwa mada, na hana haki tena ya kulalamika kwamba anashambuliwa binafsi. Anayetaka hoja zijadiliwe asianze na wasifu wake.

Nuru ya Kagera

Kwenye kalamu nyekundu ya Karani, historia yetu ina somo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda. Nyerere aliwarudisha nyumbani, na katika jibu lake hilo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hakuwa na haja ya kusema yeye ni mwema. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likaweka masharti ya viongozi kwa maandishi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalikuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991.

Tazameni aina ya masharti. Hakuna linalosema "awe na moyo safi". Yote yanahesabika: nyumba unaziona, hisa zimeandikwa. Ahadi ya TANU, "nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko", ilitamkwa na maelfu, na ulimi pekee hauna kipimo. Nyumba ya kupangisha inacho. Tukitaka wema kwa wanaotuhutubia, tuutake kwa namna inayokaguliwa.

Tumaini_wa_Ziwa

Wakuu, swali la kazi. Kamati imealika mzungumzaji wa mahafali ya kidato cha nne, mada "uaminifu katika mitihani". Zimebaki siku chache, zinatoka habari zenye ushahidi kwamba cheti chake mwenyewe kina utata. Kamati inafanya nini?

Karani wa Hotuba

Kwa mada hiyo hotuba nzima ni bluu na nyekundu, na doa limekaa katikati ya mada. Abadilishwe mtu. Kubadilisha mada hakutoshi hapa, kwa kuwa mahafalini mgeni rasmi anatolewa kama kielelezo hata akizungumzia kilimo. Kamati impigie simu, isimtumie ujumbe, impe nafasi ya kujieleza, kisha iamue siku hiyo hiyo. Tangazo liwe sentensi moja, "mgeni rasmi amebadilika", bila kutaja tuhuma zisizothibitishwa.

Angekuwa mtaalamu aliyealikwa semina ya ufugaji kueleza ratiba ya chanjo za kuku, na doa ni lile lile, ningemwacha azungumze, nigawe ratiba kwa maandishi ili kila mtu aihakiki, na niache dakika 15 za maswali badala ya 5.

Jabali

Na la katikati, Karani? Mtu aliyewahi kuiba mitihani, akaadhibiwa, sasa anataka kuwaambia vijana wasiibe?

Mzee wa Mimbari

Huyo namjibu mimi. Anafaa, pengine kuliko msafi, kwa masharti matatu. Akiri ndani ya dakika ya kwanza, kabla hajapigiwa makofi, maana ungamo likija baada ya makofi wasikilizaji wanajiona wamenyang'anywa kitu. Akiri kwa sentensi mbili au tatu: alifanya nini, alipata adhabu gani. Ikifika dakika tatu imekuwa tamthilia, na vijana wataanza kuutamani ule usiku wa wizi. Na asieleze mbinu aliyotumia, hata kwa lengo la kuonya.

Kisha kamati ihakiki ungamo lenyewe kabla ya siku ya mahafali: barua ya adhabu ipo, mwaka unalingana, shule inathibitisha. Walaghai nao wamejua kwamba kukiri kunalipa, na wapo wanaobuni dhambi ili wapate kipaza sauti. Ungamo ni bluu kama bluu nyingine. Lisipohakikiwa, asipande.